Safari ya dago: Mpemba ametambuliwa, na mashua yake je?

Mwezi wa Julai mwaka 2023, huko mjini Kilifi, Rais William Ruto aliwakabidhi Wapemba vitambulisho vya uraia wa Kenya. Hawa ni watu walioishi katika pwani hii miaka mingi, wakazaa na kuzikana humu humu, bila ya kuwa na karatasi hata moja ya kuwatambulisha. Wengi wetu tulishukuru, kwani ni nani katika Kwale nzima, tangu Vanga hadi Diani, asiyekuwa na jirani, mkwe, mwalimu wa chuoni au fundi wa mashua ambaye asili yake ni Pemba?

Hata hivyo, ndugu msomaji, mimi naona kwamba katika furaha ile liko jambo ambalo halikutajwa. Serikali ilimtambua mtu, lakini haikuitambua njia iliyomleta. Njia hiyo ni safari ya dago, yaani safari ya siku nyingi ya mashua za mbao, ambayo inaendelea mpaka leo kati ya Pemba na Shimoni, na kutoka Shimoni kupanda hadi Funzi, Gazi, na hata Kilifi na Malindi. Baharia anayeifanya safari hiyo leo anapita njia ile ile ya babu yake. Ila babu yake alipokewa kama mgeni, naye yumo hatarini kukamatwa kama mhalifu. Jambo hili ndilo ninalotaka kulizungumza leo katika ukurasa huu.

DAGO NI NINI?

Kwa faida ya vijana wetu waliokulia mijini, yafaa nieleze kwanza neno lenyewe. Dago ni kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Mvuvi huondoka na chombo, nyavu, chungu na mkeka, akaenda pwani ya watu kufuata samaki. Huko hujenga banda la makuti, akajenga na uchaga wa kuanikia samaki, akakaa majuma au miezi, kisha akarudi kwao msimu ukigeuka. Hapana pwani ya Waswahili isiyojua jambo hili, lakini waliopata sifa kubwa zaidi ni watu wa Pemba, na hasa wale wa kisiwa kidogo cha Kojani, upande wa mashariki, ambako uvuvi ndio shamba na ndio duka.

Safari hiyo haifanywi ovyo. Kuna kusi, ambayo huvuma kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, na wakati huo bahari huchafuka. Kuna kaskazi, ambayo hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na bahari hutulia, maji yakawa safi. Baina ya misimu hiyo kuna majira ya tanga mbili, wakati ambapo upepo hauna mwenyewe, chombo kikaweza kwenda huku na huku. Wazee wetu walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, kumi kumi, na kila kumi ikaitwa mwongo. Nahodha aliyejua mwongo alijua ni samaki gani atakayemkuta na wapi, na pia siku ambazo hafai kuondoka.

Kutoka Shimoni hadi Wete ni kiasi cha kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Kwa gari ni mwendo wa saa moja. Kwa mashua ya tanga yaweza kuwa usiku mmoja, na yaweza kuwa siku mbili, kwa sababu mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na maji yake yanakwenda kaskazini mwaka mzima. Nahodha anayetaka kufika Shimoni halengi Shimoni, bali hulenga mahali palipo kusini yake, akayaachia maji kazi iliyobaki. Elimu hiyo haiko katika kitabu cha shule yoyote ninayoijua.

SIKU NNE KATIKA MASHUA

Mimi mwenyewe nilipata kufuatana na mashua moja ya dago kwa siku nne, kutoka Shimoni hadi Gazi. Ulikuwa mwezi wa Novemba, kusi imekatika na kaskazi haijashika. Sitalitaja jina la nahodha wala la chombo, na msomaji ataielewa sababu mbele.

Mashua yenyewe ilikuwa na urefu wa mita tisa hivi, haina mashine. Mbao zake zilikuwa za mvule na mwembe, mataruma yake ya mti wa mkoko, na ngama yake ikinuka sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo hupakwa mbao zisioze. Mabaharia walikuwa saba, wanane pamoja na nahodha. Tuliondoka Jumanne wakati maji yanapwa, nahodha akasoma Fatiha, sote tukaitikia Amina, ndipo tanga likapandishwa. Tulipita kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, tukajitenga na miamba ya Kisite, ambayo tangu mwaka 1978 ni hifadhi ya serikali na mvuvi haruhusiwi kutupa hata mshipi. Baharia mmoja kijana aliniambia, “Bwana, hapo tunapita tumefumba macho.” Walicheka, lakini hawakusogea.

Usiku ule tulilala Funzi. Wazee wa msikiti walimjua nahodha kwa sauti kabla ya kumwona uso. Baada ya swala ya Isha waliulizana hali za watu wa ng'ambo, nani ameoa, nani amefariki, karafuu zimezaa namna gani mwaka huu. Nilitambua kwamba habari za Pemba zinafika Funzi kwa mashua, na zinafika na watu wanaoweza kuulizwa swali la pili.

Siku ya pili maji yalipojaa tuliingia mdomo wa Mto Ramisi kwenda Bodo kuteka maji ya kisima na kutafuta kuni. Upepo ulikatwa na mikoko, kwa hivyo tanga liliteremshwa na mabaharia wakashika pondo. Humo hamna barabara wala nyumba, ila mizizi ya mikoko, ndege weupe, na mara moja mamba aliyejitupa majini tulipokaribia. Msomaji anayeipita Ramisi kwa gari, akikumbuka kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988, hawezi kudhani kwamba mto ule ule chini kidogo una kimya cha namna hiyo. Tulichelewa kutoka, tukapwelewa, ikatubidi kungoja maji ya usiku. Hakuna aliyelalamika. Nahodha alisema tu kwamba maji yana saa yake na sisi tuna yetu, na ya maji ndiyo kweli.

Siku ya tatu tulivua mbele ya Msambweni na kuwauzia samaki akina mama karanga. Hapo ndipo nilipoliona jambo lililonifanya niandike makala haya. Bibi mmoja mzee aliletwa ufukweni na wajukuu zake. Nahodha alimwamkia, “Shikamoo bibi,” akashika mkono wake kwa mikono miwili. Bibi alijibu, “Marahaba mjukuu wangu, dada yangu hajambo?” Bibi huyo alizaliwa Pemba, aliletwa Kenya na mashua akiwa msichana, akaolewa, na mwaka 2023 alipata kitambulisho. Alikitoa katika upindo wa leso akatuonyesha. Na yule mjukuu wa dada yake, aliyekuwa amesimama maji ya magoti akiwa na kikapu cha samaki aina ya tasi kwa ajili yake, hakuwa na karatasi yoyote ya kumruhusu kusimama pale.

Nasema hakuwa na karatasi yoyote, lakini alikuwa nayo moja. Tulipofika Gazi siku ya Ijumaa, nahodha alitoa katika mfuko wa nailoni barua ya sheha wa kwao, yenye muhuri, iliyosema kwamba huyu ni mtu wetu, ni mvuvi, hana tabia mbaya. Mzee wa kamati ya ufuo aliisoma, akaandika majina manane katika daftari, akaeleza ni wapi panavuliwa na ni wapi hapavuliwi. Baada ya swala ya Ijumaa wageni walitajwa msikitini, watu wakawajua. Mambo yote hayo yalikwisha kabla ya chakula cha mchana. Barua ile ilitosha ufukweni. Lakini kama chombo cha doria kingetukuta baharini, isingesomwa na mtu.

MSTARI ULIKUJA BAADAYE

Yafaa tujiulize mstari huu ulitoka wapi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa nchi, zikaanzia mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, zikavuta kamba kwenda bara mpaka Ziwa Viktoria. Mwaka 1890 Unguja na Pemba zikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Lakini ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, uliendelea kuhesabiwa kuwa ni mali ya Sultani wa Zanzibar hata ingawa ulitawaliwa na Waingereza kutoka Nairobi. Kwa hivyo mtu aliyetoka Wete akashuka Shimoni kabla ya mwaka 1963 alitoka katika nchi ya Sultani akaingia katika nchi ya Sultani. Angeomba ruhusa kwa nani?

Mnamo Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, na Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi. Hapo ndugu waliokuwa ng'ambo mbili za maji yale yale wakajikuta wana bendera mbili, na waliokuwa katika dago siku hizo hawakujua wahesabiwe wapi. Wengi walibaki. Watoto wao na wajukuu wao ndio waliongojea hadi mwaka 2023.

Wapemba hawakuwa peke yao katika taabu hiyo. Wamakonde, walioletwa na kazi za mashamba ya mkonge na miwa, ilibidi waondoke Kwale mwezi wa Oktoba 2016 wakaandamana hadi Nairobi ndipo wakasikilizwa, wakapewa vitambulisho mwaka 2017. Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kufungua mlango kwa watu wasio na nchi walioishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini mlango huo ulikuwa na masharti na ulikuwa na muda. Aliyekaa dagoni Funzi hakujua kwamba mlango umefunguliwa, na alipojua ulikuwa unafungwa.

SHIMONI YA MWAKA 2001

Kuna watu watakaosema kwamba haya ni mambo ya wavuvi wachache, hayafai kushughulisha serikali mbili. Hao nawakumbusha mwaka 2001. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000, wafuasi wa chama cha CUF waliandamana Zanzibar tarehe 26 na 27 Januari 2001, na askari wakawapiga risasi. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu wasiopungua 35 waliuawa na zaidi ya 600 walijeruhiwa. Pemba ndiko kulikoumia zaidi. Watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari wakaja Shimoni.

Walivukaje? Hawakuja kwa meli wala ndege. Walikuja kwa mashua za uvuvi, pamoja na wake zao na watoto, na walioshika sukani walikuwa ni watu wanaoujua mkondo wa Pemba kwa sababu walikwenda dago kila mwaka. Shimoni na Wasini ziliwapokea kabla Umoja wa Mataifa haujafika na mahema. Mwezi wa Oktoba mwaka ule CCM na CUF zilitia saini Muafaka, na wengi wakarejea makwao. Lakini funzo lilibaki, nalo ni kwamba njia ya dago ni njia ya uhai. Jamii inayoisahau njia yake ya baharini siku za amani haitaijua siku za shida.

KIFUNGU KILICHOSAHAULIWA

Sasa nifike katika kiini cha maneno yangu. Watu wengi hudhani kwamba sheria haina lolote la kumwambia mvuvi huyu isipokuwa “Rudi ulikotoka.” Sivyo hata kidogo. Kenya na Tanzania zilipokubaliana juu ya mpaka wao wa baharini, kwa barua zilizobadilishwa Desemba 1975 na Julai 1976, hazikuandika habari za mstari tu. Ziliandika pia kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wale wanaovua kwa ajili ya riziki yao, waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa bahari zao za ndani, kwa kufuata kanuni zilizopo. Zikaongeza kwamba leseni na kanuni za nchi moja zinazowahusu wavuvi hao zitambuliwe na nchi ya pili.

Mwaka 2009 nchi hizo zilikubaliana tena kuhusu mpaka wa mbali zaidi, huko kwenye maji makuu. Lakini mvuvi wa mashua ya mbao hana haja na maji makuu. Haja yake ni yale maili machache ya kifungu cha 1976. Katika fuo zote nilizopita katika safari yangu niliwauliza wazee na viongozi wa kamati juu ya kifungu hicho. Hakuna hata mmoja aliyepata kukisikia. Mambo yameandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika makabati ya Nairobi na Dar es Salaam, ilhali anayehusika yuko Jimbo na Kojani akisoma Kiswahili.

Wala si kwamba dunia haijui namna ya kulitekeleza jambo kama hili. Mnamo mwaka 1995 Yemen na Eritrea zilipigania visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu. Kesi ilipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, na hukumu zikatolewa mwaka 1998 na 1999. Baraza liliipa Yemen visiwa vingi, lakini likasema kwamba utaratibu wa jadi wa uvuvi uendelee, yaani wavuvi wadogo wa nchi zote mbili wavue kama walivyovua zamani, na waingie katika bandari za pande zote kuuza samaki wao. Linalotupasa sisi tulizingatie ni kwamba baraza lile, katika kueleza hukumu yake, lilitazama pia mila ya sheria ya Kiislamu, ambayo haikuwa na desturi ya kuwazuia watu wa ng'ambo mbili wasigawane riziki ya bahari moja. Majaji wa mbali walifungua vitabu wakaona kwamba desturi ya mabaharia wa Kiislamu ni hoja ya kisheria. Iweje sisi wenye desturi tuione ni mambo ya kizamani?

MALALAMIKO YA WENYEJI

Lakini haki haina upande mmoja, na nisingekuwa mkweli kama ningeacha kuyataja malalamiko ya wavuvi wa Kwale. Wako wanaosema kwamba dago la siku hizi si dago la zamani. Zamani mgeni alikuja na mshipi, dema na nyavu ndogo. Siku hizi wako wanaokuja na ringineti, nyavu kubwa zinazozungushwa na watu wengi, ambazo kwa siku moja hutoa samaki wa kijiji kizima. Wengine hutumia juya, ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 kwa sababu linakokota watoto wa samaki na kuvunja matumbawe. Aghalabu nyuma ya mabaharia maskini hao yuko tajiri, mwenye chombo na mwenye nyavu, aliyewakopesha na ambaye haendi baharini hata siku moja. Ugomvi umekwisha kutokea katika fuo za Vanga, Gazi na Msambweni.

Malalamiko hayo ni ya kweli, na yanafaa yatazamwe kwa makini. Hata hivyo, naona hayavunji hoja yangu, bali yanaitia nguvu. Maana mgeni asiyetambuliwa ndiye asiyeweza kuulizwa. Akiwa ameshuka usiku, hakuandikwa popote, atavua apendavyo na ataondoka alfajiri. Yule aliyeleta barua ya sheha, akaandikwa katika daftari na kutajwa msikitini, ana jina la kulinda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dagoni jembe ni kasia, na pamoja na kasia mgeni hupewa sheria ya mahali. Tangu mwaka 2007 kanuni za Kenya zimezipa kamati za fuo uwezo wa kusimamia uvuvi wao. Kazi ya kumpokea mgeni wa dago na kumwekea mipaka yafaa iwe mikononi mwao kwa uwazi, si kwa kunong'onezana.

NA CHOMBO CHENYEWE

Liko jambo jingine la kutazamwa. Shimoni imewekwa katika mipango mikubwa ya uchumi wa bahari, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya imekuwa na mradi wa bandari ya uvuvi pale. Mimi siupingi. Vijana wetu wanataka kazi, na samaki wengi huharibika kwa kukosa barafu. Lakini bandari ya saruji hujengwa kwa ajili ya vyombo vya chuma. Isipotengwa sehemu ya mashua kupandishwa, kutiwa kalafati na kupakwa sifa, mafundi watahamia kazi nyingine, na mtoto wa fundi atakuwa mlinzi wa lango ambalo babu yake alipitisha mbao.

Tayari mti wa kujengea umekuwa taabu. Mvule ni ghali, na mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe, kwani samaki wenyewe huzaliwa humo. Watu wa Gazi wameonyesha tangu mwaka 2013, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, kwamba mikoko iliyosimama yaweza kuleta fedha za maji na shule. Jirani zao wa Vanga wakafuata. Linalobaki ni kupanga ili fundi wa mashua apate mataruma machache kwa kibali, kutoka mahali palipopandwa, badala ya kuhesabiwa pamoja na wezi wa miti. Mashua moja hukaa miaka mingi, na miti yake si mingi.

LIFANYIKE NINI?

Mimi si mwanasheria, lakini naona mambo manne yanaweza kufanywa bila ya gharama kubwa.

Kwanza, kifungu cha mwaka 1976 kitolewe kabatini. Serikali mbili zikae zieleze wazi ni nani anayehesabiwa mvuvi mwenyeji, ni chombo cha namna gani, na ni nyavu zipi. Kisha maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila bandari, kuanzia Kipini hadi Mkoani.

Pili, iwe kuna daftari moja la dago. Sheha aandike anapoondoka, kamati ya ufuo iandike anapofika, askari wa doria akubali. Abiria wa basi hukaguliwa Lunga Lunga na Horohoro chini ya paa moja, akapigiwa muhuri akaenda zake. Kwa nini nahodha wa mashua asiwe na utaratibu wake?

Tatu, sheria ya nyavu iwe moja ng'ambo zote mbili. Nyavu iliyokatazwa Gazi isiwe halali Kojani, wala iliyokatazwa Kojani isifichwe Vanga.

Nne, elimu ya bahari iandikwe maadamu wenyewe wangali hai. Miongo, mikondo, majina ya nyota na ya miamba, yote hayo yamo vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika. Walimu wetu wa shule za Shimoni, Wasini na Vanga wanaweza kuanza kesho, kwa daftari na kalamu tu.

Ndugu msomaji, yule bibi wa Msambweni alipata haki yake baada ya kungoja maisha yake yote, na tumshukuru Mwenyezi Mungu kwamba aliiona. Lakini haki yake itakuwa nusu ikiwa watu wake hawawezi kumjia mchana kweupe. Kila mwaka kaskazi inaposhika, mashua zitaondoka Kojani na Micheweni kama zilivyoondoka kabla ya mstari kuchorwa. Zitakuja, kwa ruhusa au bila ya ruhusa, kwa sababu samaki wako huku na ndugu wako huku. Serikali haziwezi kuizuia kaskazi. Linalowezekana ni kuwaandalia wale wanaokuja nayo daftari la kuandikwa, na wenye wajibu wa kuliandaa ni wakubwa wa pande zote mbili, nasi wa pwani tuna wajibu wa kuwakumbusha mpaka walitoe.